Maana ya Lisambogo

Mahurunga,
14 Juni 1971.
Asubuhi: umande mzito, kusi inavuma tangu alfajiri, baridi.

Mdogo wangu Salma,

Sisi huku wazima. Mama kifua kimempungua tangu aanze kunywa uji wa moto asubuhi. Mwanangu Mwanahawa amekua, gauni ulilomletea sikukuu ya Idi limeshakuwa fupi. Mjomba Saidi amepalilia mikorosho ya upande wa mtoni na anakusalimu. Ng'ambo ya mto milio ya bunduki imepungua wiki hii, watu wa Kilambo wamerudi kulala majumbani mwao.

Sasa nisikilize.

Jumatano jioni darasa la kisomo lilijaa kuliko siku zote, wanaume benchi za kushoto, wanawake mkekani kulia, Mama akiwa wa mbele. Mwalimu Mussa akaingia na gazeti lenu la watoto mkononi. Akasema leo tuna shairi la mtoto wa hapa hapa, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kwaya:

Alikuwa Chingwengwere,
ana miguu mingere,
akiuona muhogo
hujipiga lisambogo.

Akiitwa haitiki,
huchenyeta mishikiki,
akinyimwa kitoweo
hupwirita hadi leo.

Nilicheka, Salma. Nilicheka kwa sauti mbele ya wanafunzi wangu. Nilijiona nimekaa nawe tena tunamenya muhogo, Mama anatuimbia ili tusisinzie kabla rundo halijaisha. Kisha Mussa akageuza ukurasa na kusoma yaliyo chini. "Maana ya maneno. Lisambogo: furaha ya mkulima aonapo mazao yake. Kuchenyeta: kukimbia kazi. Kupwirita: kujutia uvivu. Funzo: Mtoto mvivu hujuta."

Bi Esha, mkuu wa makungwi, akajifunika ushungi usoni, akainuka. Wanawake wote wakainuka nyuma yake. Mlangoni akageuka akamwambia Mama, mbele ya wanaume: "Kumbe maneno ya ndani mnayauza."

Umenielewa? Wanadhani ni maneno ya unyago. Sisi tulivuka mto, ukoo wetu una nyimbo zake ambazo watu wa hapa hawazijui, na neno ambalo mtoto hajui maana yake, kwa wanawake hawa, lina mahali pamoja tu linapotoka. Mama ameondolewa kwenye ukungwi. Mwanahawa alikuwa aingie ndani Agosti pamoja na wenzake. Bi Esha amesema mjukuu wa nyumba inayotoa siri haingii. Unajua msichana asiyechezwa unyago hapa kwetu anaitwaje, na ataitwa hivyo mpaka azeeke.

Andika upesi uniambie nani aliyebuni maana zile.

Dada yako,
Somoe.

Naongeza asubuhi: nililala saa saba.

* * *

Dar es Salaam,
9 Julai 1971.

Dada Somoe mpenzi,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembeni, nadhani meli. Nimefurahi Mama hajambo. Hapa Magomeni tuna maji siku tatu kwa wiki, nyingine tunanunua kwa wauza maji. Nimehamia chumba chenye dirisha. Nimemnunulia Mama kanga doti moja, nitampa dereva wa ushirika akija.

Nilicheka sana kuhusu Mwalimu Mussa na sauti ya kwaya! Dada, shairi lile limependwa kupita kiasi. Barua zinaletwa kwa mfuko, kutoka Mwanza, kutoka Tabora, kuna darasa zima la Songea wamechora Chingwengwere, mmoja kampa mkia na miwani. Watoto wanaitana Chingwengwere uwanjani. Hebu fikiria, wimbo wa kumenyea muhogo!

Bwana Andrea, mhariri wetu, anataka kitabu kidogo, mashairi kumi. Ninayo sita. Nimesahau ule wa kinu kilichooa mchi, na ule wa bata. Muombe Mama akuimbie, uandike vizuri kwa mwandiko wako ule, uniletee.

Hao wazee usiwatie maanani. Waeleze tu kuwa ni mchezo. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza.

Na wewe, bado unaanza barua kwa hali ya hewa! Na kunieleza umelala saa ngapi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuzuia.

Mdogo wako,
Salma.

* * *

Mahurunga,
22 Julai 1971.
Asubuhi: mawingu mepesi, hakuna upepo, moshi wa jikoni haupandi.

Salma,

Ndiwe uliyenizuia.

Mama hajambo. Wengine wote hawajambo. Kanga haijafika, na ikifika nitaiweka.

Nilikuuliza swali moja, nani aliyebuni maana zile, ukanijibu kwa miwani ya Chingwengwere. Basi nakuambia nilichokificha katika barua ya kwanza kwa kukuhurumia. Jioni ile, baada ya wanawake kutoka, Mama alibaki mkekani. Aliomba gazeti. Amefika somo la silabi, unajua, alikuwa anajivunia. Akaweka kidole chini ya shairi akasoma peke yake, polepole: "Li-me-tu-ngwa na Sa-l-ma." Akaangalia juu, akaangalia chini, akageuza ukurasa. Kisha akaniuliza, "Langu liko wapi?"

Neno la kwanza mama yako kulisoma gazetini maishani mwake ni jina lako mahali pa jina lake. Hajarudi kisomoni tangu siku hiyo.

Unasema niwaeleze ni mchezo. Nilikwenda. Nilikaa chini mbele ya Bi Esha kama mkwe, nikasema, "Bibi, maneno yale hayana maana, Mama aliyatunga tukimenya muhogo." Akaingia chumbani akatoa gazeti, limekunjwa ndani ya kitambaa cha sala. Hajui kusoma lakini anajua ukurasa.

"Haya hapa chini ni nini?"

"Maana."

"Kwa hiyo yana maana."

"Hizo wamebuni, Bibi."

"Gazeti la Serikali linabuni? Unataka niseme Serikali inasema uongo, mwalimu? Useme wewe."

Wewe ungesema nini?

Nilipomsihi Mama aende mwenyewe, akasema: "Aliyeandika maana aje aifute. Mimi sikuiandika." Ndilo neno lake la mwisho juu ya jambo hili.

Unyago unaanza tarehe kumi na sita Agosti. Omba ruhusa. Panda ndege, panda meli, panda gari la mizigo, lakini njoo ukae mbele ya wale wanawake, useme kwa mdomo wako kwamba lisambogo si kitu, halijawahi kuwa kitu. Nauli nitakutumia nusu.

Na wimbo wa kinu sikuletei. Usiniombe tena.

Somoe.

Nililala saa nane na robo.

* * *

Dar es Salaam,
10 Agosti 1971.

Dada,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Natumaini mko wazima. Mimi nilikuwa na homa, imepoa.

Unataka kujua nani aliyebuni. Mimi. Umeridhika? Nilimpelekea Bwana Andrea shairi peke yake. Akauliza lisambogo ni nini. Nikasema si kitu, ni raha yake tu mdomoni. Akaniangalia kama nimemtemea mezani. Akasema karatasi ya nchi maskini haipotezwi kwa maneno yasiyo na maana, watoto wanahitaji msamiati na funzo, na kama sina maana niende kuchapa bahasha. Nikasema nimekumbuka, ni Kimakonde cha zamani. Nikaandika zile maana pale pale nimesimama. Yeye ni mtu wa Bukoba, angejuaje?

Sasa nikija huko kuapa kuwa nilidanganya, unadhani habari haifiki hapa? Mwalimu Mussa atamwandikia mhariri siku ya pili. Nafukuzwa. Nani anapeleka pesa ya dawa ya kifua? Wewe na mshahara wako wa mwalimu?

Na jina. Bwana Andrea anataka jina moja, la mwenye anwani. Ningeandika la Mama, ningeulizwa ni nani, ana elimu gani. Usinifanye mwizi. Nani aliyezikumbuka zile nyimbo, Somoe? Sisi wote wawili tulikaa kwenye lile rundo la muhogo. Mimi nilikuwa naimba. Wewe ulikuwa unahesabu vilivyobaki. Umeandika daftari tangu ukiwa darasa la sita, kila siku, mvua imenyesha, mvua haikunyesha. Mna neno moja la Mama humo? Moja?

Siji. Nimekwishawapa kitabu kwa yale sita niliyonayo, kinapigwa chapa Desemba, maana ziko mwisho, kurasa mbili.

Salma.

* * *

Mahurunga,
30 Agosti 1971.
Asubuhi: jua, upepo mkavu, vumbi.

Salma,

Salamu zako nimezifikisha kwa Mjomba. Kwa Mama sikuzifikisha.

Mwanahawa ameingia ndani. Nisikie namna alivyoingia.

Siku mbili kabla, Mama aliamka akavaa ile kanga ya kwendea mazishini, akaniambia nimfuate nyuma nisizungumze. Makungwi walikuwa wameketi uani kwa Bi Esha, saba. Mama hakukaa mkekani, alikaa mchangani. Akasema: "Nimekuja kumwombea mwali. Semeni mnachotaka."

Bi Esha hakutaka pesa wala kuku. Alisema: "Mdomo ndio uliokosa." Basi wakamwekea sharti. Mtoto aingie. Bibi yake asiimbe ndani, leo wala miaka ijayo. Na asitunge tena. Asimtungie mtoto, asijitungie mwenyewe jikoni. Siku watakapomsikia, mwali atatolewa, na kama ameshatoka, hatahesabiwa kuwa alichezwa.

Nilitegemea Mama atawajibu. Unajua alivyo. Yule aliyemwimbia karani mpunjaji wa korosho wimbo wa tumbo lake mpaka mizani ikakaa sawa. Alisema, "Nimekubali," akafuta mchanga, tukarudi.

Unauliza kama kuna neno moja la Mama ndani ya daftari langu. Nilikwenda kutazama. Hakuna. Nimeandika mvua ya miaka kumi na tatu. Sikuandika kwa sababu sikujua kama kitu kile kinaweza kwisha. Nani anaandika kwamba leo jogoo amewika?

Sasa kimekwisha. Tunamenya muhogo wa kukausha makopa, sote wawili, kisu na ganda, kisu na ganda. Jana nilimwona midomo inacheza. Akaiuma.

Unasema ulizikumbuka. Ulizikumbuka, halafu ukazitia misumari. Tulipokuwa wadogo ulimuuliza Mama kupwirita ni kufanya nini, akakujibu, "Ngoja nikunyime mboga, utajua." Ndiyo maana yake, Salma! Haikuwa na nyingine, na tulicheka mpaka ukajikata kidole. Kovu unalo. Nenda ukaitazame ile "kujutia uvivu" yako, kisha utazame kidole.

Kitabu kikitoka na zile kurasa mbili, usikanyage nyumba hii. Nakuandikia haya nikiwa na akili zangu timamu.

Somoe.

Nililala saa tisa kasorobo.

* * *

Dar es Salaam,
27 Septemba 1971.

Dada Somoe,

Sina habari za nyumbani za kukupa, chumba ni kile kile.

Nilimwendea Bwana Andrea nikamwambia maana zote ni zangu, za uongo, si Kimakonde cha zamani wala cha sasa. Nikamwomba asahihishe gazetini na aweke jina la Mama. Amekataa yote mawili. Amesema gazeti likikiri limedanganya watoto, nani atalinunua. Kitabu kimesimamishwa. Mimi nimehamishiwa kubandika anwani. Hajanifukuza, ameona inatosha kunipitia kila asubuhi na kuuliza, "Salma, leo tunapwirita?"

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Bi Esha. Nimeandika kwa herufi kubwa, wazi, nimetia sahihi na kidole gumba. Msomee.

Mama anasema chochote? Simaanishi juu yangu. Anasema?

Salma.

* * *

Mahurunga,
7 Novemba 1971.
Asubuhi: joto, mawingu meusi upande wa mto, harufu ya mabibo kila mahali.

Salma,

Barua yako ilichelewa, tulikuwa tumeshaanza kuokota korosho. Mwanahawa alitolewa tarehe ishirini na tano Septemba, amenenepa, amepakwa mafuta, ana kanga mpya, na ananiamkia kwa kupiga magoti mpaka nasikia haya. Ile doti yako ilifika, ndiyo aliyotokea nayo. Sikumwambia imetoka kwa nani. Mama alimwambia.

Barua ya Bi Esha nilimsomea, neno kwa neno. "Maneno yale hayana maana yoyote. Nilizibuni maana zake mwenyewe. Mama yangu hakutoa siri ya mtu." Bi Esha akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama alama ya kidole gumba muda mrefu. Unajua alisema nini?

"Mimi nilikuwa na shaka kidogo. Sasa sina. Neno la bure nani analitilia kidole gumba?"

Basi. Umefunga mlango kwa mikono yote miwili. Sharti liko pale pale.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nilikuwa na hasira na Bi Esha, na Mussa, na Bwana Andrea wako ambaye sijamwona, na zaidi ya wote na wewe, na sikuwa na mahali pa kuziweka. Nilifungua daftari niandike hali ya hewa ya jioni. Nikaandika kitu kingine. Mimi, ambaye kwenye rundo lile nilikuwa nahesabu. Nilikifuta, nikakiandika tena, mpaka mstari wa mwisho. Kisha nikakisoma kwa sauti nikitazama ukuta, maana Mama alikuwa mlangoni anabangua korosho na sikutaka kumwona uso.

Kuna ndugu wa mjini,
kavaa ndwiri kichwani,
kila neno hulipima
kwa rula na kwa ndurima.

Maana kaitafuta,
kaipata, kaivuta,
ikaruka, ikanasa,
analia hadi sasa.

Nikasikia jiwe limesimama juu ya korosho. Mama akasema, bila kugeuka:

"Kulia analia kila mtu, mwalimu."

Nikamwambia, "Mama, nyamaza, watakusikia."

"Nimekatazwa kutunga. Nani kanikataza kusahihisha?"

"Sasa aweje?"

Akaponda korosho moja, akaponda ya pili, akaitupa kokwa kwenye ungo. "Huyo afwinyukwa."

Afwinyukwa hadi sasa! Nilijaribu kuliandika, nikashindwa, nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamruka. Mwanahawa akatoka ndani kuuliza bibi ana nini, na Mama akamjibu, "Mama yako anasomeshwa."

Tangu siku hiyo kila jioni naleta mistari yangu mibovu, naye anaisahihisha. Juzi alisahihisha neno baada ya neno mpaka la kwangu likabaki "na". Bi Esha akipita, tunamenya muhogo.

Sasa usinielewe vibaya. Sijakusamehe. Mama aliketi mchangani mbele ya wanawake aliowazidi wote, na haimbi ndani tena, na jambo hilo halisahihishwi na mtu. Nitakukasirikia mpaka uje, na ukija nitaendelea.

Lakini nimekuwekea shairi lako humu, limesahihishwa. Usilionyeshe ofisini. Usiulize kufwinyukwa ni kufanya nini. Unafwinyukwa, utajua.

Mama ametia jina lake mwenyewe chini, kwa kalamu yangu. Imemchukua muda, na herufi ya katikati ameigeuza. Iache hivyo hivyo.

Somoe.

Nililala saa tatu na nusu.